Sauti Nzuri Haitoshi: Amana Katika Vikundi vya Kaswida

(Mazungumzo na vijana wa Bondeni, Nakuru, baada ya Tarawehe)



Ndugu zangu vijana, na nyinyi wazazi mlio pamoja nasi, shukrani zote ni za Allah (S.W.) aliyetufikisha tena mwezi huu mtukufu.

Nyinyi mnaoimba kaswida na kuigiza siku ya Idd, leo nawauliza: nani kati yenu anashika daftari la kikundi?

Nauliza kwa sababu mimi nilikuwa mwekahazina wa kikundi cha kaswida hapa hapa Nakuru. Tukialikwa harusini mpaka Gilgil na Naivasha. Wallahi sikuiba hata shilingi. Lakini pesa za kikundi nilizitia mfuko mmoja na zangu, wala sikuandika. Siku wenzangu walipouliza hesabu ya Sh. 12,000, sikuwa na la kuonyesha. Kikundi kikavunjika. Mtunzi wetu, rafiki yangu tangu madrasa, mpaka leo tukikutana msikitini ananipa salamu tu, basi.

Sasa tazameni Zanzibar. Chama cha taarab cha Ikhwani Safaa kilianzishwa mwaka 1905, na kimeishi zaidi ya miaka 100. Waanzilishi wote wameshafariki, chama kikabaki, kwa kuwa kina wanachama na viongozi wanaopokezana. Huenda wewe taarab huitaki; sawa, igeni mpango wao.

Basi shikeni mambo matatu. Kwanza, andikeni. Aya ya 282 ya Suratul Baqarah yatuamrisha kuandika deni la watu wawili na kuweka mashahidi. Sembuse pesa za watu kumi? Pili, anayeweka pesa asiwe ndiye anayeidhinisha matumizi, na kila mwezi hesabu isomwe mbele ya wote. Tatu, kabla ya kurekodi kaswida, kubalianeni ni ya nani na mapato yatagawanywa vipi. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 yamlinda mtunzi maisha yake yote, na miaka 50 baada ya kufa kwake. Msimdhulumu kwa sababu ni rafiki yenu.

Kiongozi ni yule ambaye akiulizwa hafoki, anafungua daftari.

Mimi, inshaallah, kabla mwezi haujaandama nitamwendea yule rafiki yangu nimuombe radhi. Nanyi, kabla mialiko ya Idd haijaanza, nunueni daftari.

Wabillahi tawfiq.