Wagonjwa wa Akili Tulio Nao Vijijini



Tumepewa nafasi ya kusema katika sikukuu hii, nasi tumechagua neno lisilopendeza masikioni. Tulipohesabu kazi za miaka hii yote, makanisa, shule na visima, wagonjwa wa akili na waliotekwa na pombe hatukuwahesabu. Nao wapo. Yupo aliyefungwa mnyororo nyuma ya nyumba, nasi twapita kwenda ibadani tukiisikia sauti yake.

Waliotutangulia hawakuwasahau. Huko Lutindi, katika milima ya Usambara, wamisionari walianza mwaka 1896 kulea watoto waliookolewa katika utumwa. Baada ya miaka michache mahali pale pakageuzwa kuwa makao ya wagonjwa wa akili, na mpaka leo wagonjwa hutibiwa huko, hufanya na kazi za mikono. Mwaka 1927 ikafunguliwa hospitali ya Mirembe, Dodoma.

Nyumba hizo ni njema, lakini ziko mbali. Ndugu huuza mbuzi wapate nauli. Mgonjwa hutulia, hurudi na dawa za siku chache. Zikiisha, dispensari yetu haina, na mnyororo hutolewa tena darini. Wafungao si wakatili wote. Mbuzi wa pili hakuwapo.

Ndivyo ilivyo kwa watu wa heroini. Tangu mwaka 2011 Muhimbili, Dar es Salaam, hutoa methadoni, dawa inywewayo kila siku mbele ya mwuguzi, ili kiu ya heroini ipungue na mtu aweze kufanya kazi yake. Miji mingine nayo imefuata. Lakini kila siku! Aliye shamba atafikaje?

Tena magonjwa haya mara nyingi hukaa katika mtu mmoja. Mwenye huzuni hunywa apate usingizi, na pombe humzidishia huzuni. Tukimtuma huku kwa huzuni na kule kwa pombe, twampoteza njiani. Na hili waalimu mlishike sana: mtu aliyekunywa sana kwa miaka mingi, akiacha ghafula, aweza kushikwa na kifafa hata akafa. Msimfungie chumbani kwa kuwa ameapa kuacha. Mpelekeni kwa mganga wa hospitali.

Zimbabwe walikuwa na waganga wa akili wachache mno. Mwaka 2006 Daktari Dixon Chibanda, huko Harare, akawafundisha mabibi wazee kuketi na wagonjwa juu ya benchi, nje ya zahanati. Bibi husikiliza, humwuliza mtu shida zake, kisha huchagua pamoja naye moja ya kuanzia. Hata jina la ugonjwa ni la Kishona, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Jambo hili likapimwa katika zahanati 24, kwa watu 573, na habari zake zikatolewa mwaka 2016: baada ya miezi sita, waliokwenda benchini walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata matibabu ya kawaida. Aliyezidiwa, bibi humpeleka kwa wauguzi.

Basi sisi twakosa nini? Mabibi tunao, na miembe ya kivuli tunayo. Dawa ndizo tutakazoziomba kwa mganga mkuu wa wilaya, ziletwe katika dispensari zetu kila mwezi, na barua imekwisha andikwa. Haina bado hesabu ya wagonjwa. Wazee wa mitaa, tafadhalini mbaki kidogo baada ya chakula, mtuambie kila mtaa una wangapi, na nani kati yao amefungwa.