Kumtunza Mmisionari wa Muda Mrefu katika Mji wa Leipzig



Nimepewa kusema juu ya namna sharika zetu za Kilimanjaro zinavyopaswa kumtunza mtumishi anayetumwa kukaa Leipzig, na neno nililo nalo ni moja: tukiahidi, tuahidi miaka, wala tusiahidi mwaka, maana mji ule haumfungulii mgeni mlango wake kwa haraka, na mtumishi anayeishi kwa changizo la msimu hulazimika kufunga mizigo wakati ambapo ndipo kwanza maneno yake yanaanza kusikika.

Leipzig si mji wa mbali nasi. Chama cha misioni kilichoasisiwa Dresden mwaka 1836, kikahamia Leipzig mwaka 1848, ndicho kilichowaleta watu wake Machame mwaka 1893. Miaka mitatu baadaye wamisionari wake wawili, Ovir na Segebrock, waliuawa kule Meru walipokwenda kufungua kazi mpya, na chama hakikukata tamaa. Bruno Gutmann, aliyefika mwaka 1902, alidumu nasi hata mwaka 1938, isipokuwa miaka ile ya baada ya Vita Kuu ambapo Wajerumani waliondoshwa. Akajifunza Kichaga kwa bidii hata akaandika juu ya sheria na mila za Wachaga vitabu ambavyo wanazuoni wangali wakivirejea. Nani aliyemlisha miaka yote hiyo? Ni washarika wa Saksonia, wa Bavaria na kwingineko, ambao wengi wao hawakujaliwa kuuona mlima huu kwa macho yao. Sisi tu matunda ya subira yao, na insafu yatudai kuwapimia wajukuu wao kwa kipimo kile kile.

Mgeni aingiaye Leipzig huweza kudhani kwamba imani imejaa tele, kwa kuwa ataoneshwa Kanisa la Mtakatifu Thomas, alimohubiri Martin Luther mwaka 1539, na ambamo Johann Sebastian Bach aliongoza muziki tangu mwaka 1723 hadi kufa kwake mwaka 1750. Lakini katika mji huo wenye watu zaidi ya laki sita, Wakristo walioandikwa makanisani hawafiki hata mmoja kati ya watano. Mwaka 1950 hali haikuwa hivyo, kwani katika Ujerumani ya Mashariki zaidi ya wanane kati ya kumi walikuwa wa kanisa. Bali serikali ya wakati ule, kuanzia mwaka 1954, iliwawekea vijana sherehe yake ya kiapo ili ishike mahali pa kipaimara, na kijana aliyeikataa aghalabu alihatarisha nafasi yake ya masomo ya juu. Mwaka 1968 kanisa la Chuo Kikuu, lililookoka na mabomu ya vita, likalipuliwa kwa baruti kwa amri ya wakubwa. Ilhali mwaka 1989 ni katika maombi ya Jumatatu, ndani ya Kanisa la Mtakatifu Nikolai, ndimo ulimopata nguvu umati wa watu wapatao 70,000 waliojaza barabara tarehe 9 Oktoba, na risasi haikulia. Nayasema haya ili asitokee mtu miongoni mwetu wa kuwaita wenyeji wale waasi. Walio wengi hawakuitupa Injili, hawakupata kukabidhiwa.

Mwoneni, basi, mtumishi wetu katika mtaa wa Grünau, uliojengwa kuanzia mwaka 1976, ghorofa juu ya ghorofa. Mbele yake upo mlango uliofungwa, na kando yake safu za vitufe vya kengele, kila kitufe na jina la ukoo. Hapana baraza ya kukaa, wala hapana hodi ya kubisha pasipo miadi. Huenda akamwamkia mzee mmoja kwenye ngazi miezi mingi kabla ya kualikwa kahawa na keki Jumapili alasiri, na siku hiyo asiulizwe habari za Mungu hata kidogo, bali habari za mvua na za watoto. Hiyo ni kazi, tena ni kazi yenyewe. Mhazini atakayetaka hesabu ya waliobatizwa kila robo mwaka atamfanya mtumishi huyo ama akate tamaa, ama atie chumvi katika taarifa zake.

Fauka ya hayo yako masurufu. Mwenye nyumba huweza kudai amana ya kodi hadi ya miezi mitatu. Bima ya afya ni lazima kwa kila mkazi. Na lugha haijifunzi yenyewe, kwani kozi ya kawaida ya serikali kwa wageni huchukua saa 600 za Kijerumani. Kodi ya nyumba nayo hulipwa kabla ya kupita siku ya tatu ya kazi ya kila mwezi, ilhali sadaka zetu huongezeka wakati wa mavuno na kupungua baadaye, tena huhesabiwa kwa shilingi, hali deni lasomwa kwa yuro. Wako wasemao kwamba kanisa la kule linakusanyiwa kodi na serikali, basi na limlishe. Ni kweli kodi hiyo ipo, nayo Saksonia ni asilimia 9 ya kodi ya mapato. Lakini waumini wanapungua, na mgeni anayelishwa na mwenyeji peke yake hawezi kusemwa kwamba ametumwa nasi.

Kwa hiyo naiomba semina hii, kabla hatujatawanyika, ipitishe mambo haya: kwamba ahadi iwe ya miaka sita isiyokatwa katikati, kwamba mtumishi asipande ndege mpaka akiba ya miezi sita iwe benki, kwamba mwaka wa kwanza uwe wa lugha pekee, na kwamba kila usharika umteue mtu mmoja, kwa jina lake, wa kumwandikia barua kila mwezi. Wahazini, karatasi za ahadi ziko mezani kwa katibu.