HOTUBA YA MWENYEKITI: ZAWADI ZA SIKUKUU NYUMBANI KWETU

  

Awali ya yote namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha miaka kumi. Habari za hisa na mikopo ameshazisema mhazini, yeye ana daftari, mimi nina mdomo tu. Elimu yangu ni darasa la saba, kwa hiyo msitegemee maneno makubwa. Nataka kusema jambo ambalo halimo katika daftari lolote la kikundi, ila limetusumbua sana: zawadi za sikukuu baina ya mke na mume. Akina baba msicheke, nitafika kwenu.

Kila Desemba tunavunja kikundi na kugawana. Miaka ya kwanza ilikuwa furaha tupu. Baadaye nikaanza kusikia manung'uniko. Baba wa nyumba aliyekuwa akileta nguo za watoto, mchele na doti ya khanga ya mama, sasa analeta mchele peke yake. Ukimwuliza anasema, "Si mmevunja?" Yaani fedha ya mama ndiyo imekuwa zawadi ya mama! Jamani, fedha niliyoiweka mwenyewe kila Alhamisi kwa kuuza maandazi, itakuwaje tena zawadi kutoka kwako?

Lakini nao wana lao. Mmoja aliniambia, "Mama Mwenyekiti, sikukuu ikiisha tu Januari inaingia. Shule zinafunguliwa, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mpigo. Nikishalipa yote hayo naambiwa sijatoa kitu." Yeye anahesabu kodi kuwa ni zawadi. Mkewe anaona kodi ni wajibu, zawadi ni kile kitu alichokumbukwa yeye peke yake. Wote wawili wana hesabu, ila si hesabu moja.

Mwaka 2024 Siku ya Wapendanao, ile tarehe 14 Februari, iliangukia Jumatano ya Majivu. Mwenzetu mmoja Mkatoliki alikuwa ameshashona gauni jekundu akingoja kutolewa jioni. Mumewe akarudi na majivu kwenye paji la uso, akamwambia leo ni siku ya kufunga. Tulicheka mkutano mzima. Yeye hakucheka. Alikuwa ameingoja siku ile bila kumwambia mumewe hata neno moja.

Lililotuumiza zaidi ni la mwanachama aliyekopa 200,000 kwa ajili ya genge. Mboga hazikununuliwa. Alinunua kitenge, viatu na mkoba, akawaambia majirani mume wake ndiye kamnunulia Krismasi. Mume akapongezwa mlangoni kwa kanisa kwa kitu asichokijua! Fikirini usiku ule ulikuwaje. Akadhani kuna mwanamume mwingine. Tulikwenda watatu na daftari la mikopo kumwonyesha kwamba fedha ilitoka kwetu. Aliamini, ila yule mama marejesho yalimshinda, na hisa zake zikakatwa kufidia deni. Hayupo nasi leo. Kama anasoma kitabu hiki, ajue kiti chake kipo.

Sasa nisiseme ya watu nikaficha yangu. Niliolewa mwaka 1988. Sikukuu ya Idd iliyofuata nilitaka khanga. Mashoga zangu wote walivaa mpya, wamejifunga na kujitanda, wananisomea maandishi ya khanga zao barazani. Mzee wangu akarudi jioni na boksi. Nikalifungua, ndani mna jiko la mchina, lile la mafuta ya taa, na tambi zake kumi. Nililia. Mimi bibi harusi, naletewa jiko? Kesho yake nikampa mdogo wangu. Mzee hakusema kitu. Tangu siku ile hakuniletea tena zawadi ya sikukuu. Chakula, kodi, ada, vyote alitoa, lakini zawadi hapana. Mimi nikajua ndivyo alivyo, mgumu.

Baada ya mambo ya yule mwenzetu nilirudi nyumbani nikamwuliza, miaka thelathini imeshapita. Akaniambia, "Ulikuwa unakohoa moshi wa kuni kila alfajiri. Nilidunduliza miezi minne. Ukaligawa." Basi.

Afisa maendeleo ya jamii wa kata aliwahi kutufundisha kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema kitu alichopewa mke na mumewe, au mume na mkewe, huhesabiwa ni mali ya aliyepewa, mpaka ithibitike vingine. Kwa hiyo lile jiko lilikuwa langu, na kuligawa nilikuwa na haki. Haki hiyo haikunisaidia kitu usiku ule. Nilimwomba radhi.

Katika mkutano uliofuata niliwauliza wanachama: nani amewahi kumpa mumewe zawadi ya sikukuu? Tulikuwa ishirini na saba, mikono ikanyooshwa minne. Nami wangu haukunyooka. Ndiyo maana tukaanzisha kisanduku cha sikukuu, 1,000 kila wiki, mbali na hisa, na mkopo wa biashara hauguswi kwa nguo. Kwa mwaka ni 52,000. Wengine wanamnunulia baba msuli au shati. Tukakubaliana pia kwamba kabla ya Desemba mtu akae na mwenzake waseme wazi: mgao huu ni wa nini, wewe unatoa nini, mimi natamani nini. Kuna waliofanya hivyo wakagombana papo hapo, siwezi kudanganya. Ila waligombana Novemba, wakala sikukuu vizuri.

Mimi Idd iliyopita nilimpa mzee wangu kofia ya kiua. Aliigeuza geuza, akauliza bei, akaivaa. Kabla ya hapo nilikuwa nimemwambia kinagaubaga, nataka khanga. Akaleta doti mbili. Rangi sikuzipenda hata kidogo. Ndizo hizi nimejifunga leo.

 Namkaribisha mgeni rasmi, na wapishi waanze kupakua.