Koo la Mtoto na Milango ya Moyo

Leo tunauangalia moyo, na utashangaa nikikuambia kwamba tutamalizia kwenye koo.

Mwambie mtoto aliye karibu nawe akunje ngumi. Moyo wake unakaribia ukubwa wa ngumi hiyo. Umekaa kifuani katikati ya mapafu, umeelemea kidogo upande wa kushoto. Ni msuli, na kazi yake ni kusukuma damu usiku na mchana. Ukiweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono wako, chini ya kidole gumba, utausikia ukipiga. Mtu mzima aliyetulia hupigwa na moyo mara 60 hadi 100 kwa dakika. Wa mtoto mchanga hupita 100, kwa hivyo usiogope ukimpakata na kuusikia ukienda mbio.

Ndani ya moyo mna vyumba vinne, viwili kulia na viwili kushoto. Damu iliyokwisha kuzunguka mwilini huingia upande wa kulia, ikasukumwa hadi kwenye mapafu kuchukua oksijeni iliyomo katika hewa tunayovuta. Kisha hurudi upande wa kushoto na kusukumwa kwa nguvu hadi kwenye ubongo, figo, miguu, kila mahali. Mtu mzima ana damu kama lita 5. Fikiria ule mtungi wa mafuta ya kupikia wa lita 5: moyo huisukuma yote kwa muda wa dakika moja hivi, nawe umekaa tu unachambua mboga.

Ili damu isirudi nyuma, moyo una milango minne iitwayo vali. Kila mlango hufunguka upande mmja tu, damu ikipita unajifunga. Ule mlio wa du-dup ambao daktari anasikiliza kifuani ni milango hiyo ikijifunga. Mlango ukiharibika, damu huvuja kurudi ilikotoka, au hupenya kwa shida, na moyo hulazimika kufanya kazi maradufu.

Sasa tuje kwenye koo. Makoo mengi yanayouma, hasa mtoto akiwa na kikohozi na mafua, huletwa na virusi na hupona yenyewe. Lakini kuna kijidudu kiitwacho streptokoka. Hiki huleta maumivu ya ghafla, homa, tezi za shingo kuvimba, na mtoto hushindwa kumeza, mara nyingi bila kikohozi. Mwili hutengeneza kinga ya kukipiga. Kwa watoto wengine kinga hiyo hupotea njia, ikashambulia viungo na vali za moyo. Hiyo ndiyo homa ya rumatiki. Huwapata zaidi watoto wa miaka 5 hadi 15, na huja wiki 2 au 3 baadaye, wakati mama amekwisha kusahau habari za koo.

Utaona goti limevimba na kuuma, kesho kutwa maumivu yamehamia kifundo cha mguu au kiwiko. Wazee watasema mtoto anakua tu. Mwingine mikono humchezacheza bila kutaka, akaangusha vikombe na mwandiko ukaharibika. Tafadhali usimchape, wala usitafute aliyemroga. Mpeleke hospitali.

Vali zikipata makovu, huenda msichana akaishi miaka mingi bila kujua, ila anahema akipanda mlima na ndoo ya maji. Akishika mimba, damu mwilini huongezeka karibu nusu ya ile aliyokuwa nayo. Moyo wenye mlango mbovu hulemewa, miguu ikavimba, akashindwa kulala chali kwa kukosa pumzi. Wengine hapo ndipo wanapojua kwamba wana ugonjwa wa moyo, nao unahatarisha maisha ya mama na mtoto.

Yote haya huzuilika kwa penisilini, dawa ya siku nyingi na isiyo ghali. Mtoto wa koo lenye homa apelekwe kwenye zahanati achunguzwe. Akipewa vidonge vya siku 10, avimalize, hata kama siku ya tatu anacheza mpira. Usinunue vidonge vinne dukani ukasema vinatosha. Na kumkata kilimi, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya ulimi, hakuui kijidudu hiki. Kunaleta damu nyingi na vidonda.

Aliyekwisha kupata homa ya rumatiki huchomwa sindano ya penisilini kila wiki 3 au 4, kwa miaka mingi. Najua sindano hiyo inauma, na nauli ya kila mwezi ni mzigo. Lakini kila koo jipya la streptokoka laweza kuzidisha kovu lililopo. Andika tarehe ya sindano ijayo ukutani, mahali ambapo hata baba ataiona.