Kozi za kupiga mbizi: tuzipime kwa haki

Mazungumzo yetu ya leo yanaanzia katika barabara ya Zhanxi mjini Guangzhou, kusini mwa China. Jina hilo lina maana ya "magharibi mwa stesheni", kwani barabara yenyewe iko ubavuni mwa stesheni ya reli ya Guangzhou. Wafanyabiashara wetu wa Afrika Mashariki wanaifahamu vyema kwa masoko yake ya jumla ya nguo, viatu na saa.

Siku hiyo nilimsindikiza mzee mmoja wa Mombasa, mteja wa miaka mingi wa masoko hayo. Muuzaji alimpa saa nzito ya chuma iliyoandikwa usoni kwamba inahimili maji hadi mita 200. Mzee hakuyajali maandishi. Aliigeuza saa, akaomba kifuniko cha nyuma kifunguliwe, akauchungulia mpira unaozuia maji. Kisha akatabasamu na kusema, "Hizi mita 200 ni wino tu, na maji hayajui kusoma."

Tulipoketi kunywa chai aliniuliza, "Mwanangu, kitindamimba wangu anataka kujifunza kupiga mbizi, apate kazi ya kuwaongoza watalii huko Diani. Ameona kozi mbili, moja ya siku mbili na nyingine ya siku nne yenye bei kubwa zaidi. Wewe umeingia majini. Ipi iliyo bora?"

Swali hilo lilinichoma, wasikilizaji, kwa sababu niliwahi kulijibu vibaya, tena hewani.

Kozi yangu ya kwanza niliifanya katika pwani yetu ya Afrika Mashariki, kwenye shule ambayo sitaitaja. Maji yalikuwa maangavu, kasa alipita karibu yangu, na mwalimu alikuwa mcheshi. Lilipofika zoezi la kuvua miwani ya kuzamia chini ya maji na kuivaa tena, nilisitasita. Mwalimu alinipungia mkono tuendelee, na tuliporudi juu akaweka alama kwamba nimefaulu. Niliporejea studioni niliisifu kozi ile kwa maneno matamu.

Baadaye nilifanya mazoezi ya marudio katika bwawa la kuogelea hapa Guangzhou. Hapakuwa na kasa wala matumbawe, ila vigae vyeupe na harufu kali ya dawa ya maji. Mwalimu, mama mmoja asiyecheka ovyo, alinivuisha miwani mara sita, macho yakawa mekundu. Niliondoka nikinung'unika kwamba hajui kufundisha.

Kisha siku moja, karibu na Sanya katika kisiwa cha Hainan, nikiwa kwenye kina cha mita 12, mwenzangu alipiga pezi na kuing'oa miwani yangu usoni. Maji ya chumvi yalijaa puani. Mtu akitaharuki hapo hukimbilia juu huku amezuia pumzi, na hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote. Kwenye mita 10 shinikizo ni maradufu ya lile la juu ya maji. Hewa uliyoivuta huko hutanuka kadiri unavyopanda, nayo yaweza kupasua mapafu. Mimi sikukimbia. Nilipumua kwa kinywa, nikapapasa, nikaipata miwani, nikaivaa. Mikono ilikumbuka lile bwawa.

Je, basi niseme shule ya kwanza ilikuwa mbovu? Hapa ndipo haki inapotudai zaidi. Mwalimu yule mcheshi ndiye aliyenifundisha kupumua polepole na kusawazisha masikio, nami ninatumia mafunzo hayo hadi leo. Tena ni mimi niliyemhimiza afanye haraka, kwa kuwa nilikuwa na boti ya kuwahi. Alikosea kukubali, lakini kosa lile tuligawana.

Kwa hiyo anayetaka kuipima kozi kwa haki atenganishe mafungu matatu: yale ambayo mwalimu alipaswa kuyatoa, yale ambayo bahari iliyatoa yenyewe, na yale ambayo mwanafunzi alikuja nayo. Kasa na maji maangavu si kazi ya mwalimu. Hofu yangu na haraka yangu si kosa lake. Kazi yake ina vipimo vilivyoandikwa. PADI, kwa mfano, shirika lililoanzishwa Marekani mwaka 1966, hutaka mwanafunzi wa cheti cha awali aweze kuogelea mita 200 na kuelea dakika 10, kisha azamie mara nne katika maji ya wazi. Mpaka wake ni mita 18, na mwalimu mmoja asichukue zaidi ya wanafunzi wanane huko.

Mzee alinyamaza kidogo, kisha akanikumbusha Likoni. Tarehe 29 Septemba mwaka 2019 gari liliteleza kutoka kwenye kivuko na kuzama na mama na bintiye. Liliopolewa tarehe 11 Oktoba, kutoka kina cha takriban mita 58. "Siku zile," alisema, "nilisimama ufukweni na wenzangu tukiwalaumu wapiga mbizi kwamba wanazembea." Nilimweleza kwamba kwenye kina hicho shinikizo hukaribia mara saba ya lile la juu, na kwamba hata kikomo cha kawaida cha wanaozamia kwa burudani ni mita 40. Aliinamisha kichwa. Aliyekwisha kuingia majini, hata mita 12 tu, huwa mzito wa kulaumu, na mzito wa kusifu vilevile.

Basi nilimjibu hivi: idadi ya siku peke yake haitoshi. Kijana aende kwanza kutazama somo la wengine. Aulize kila mwanafunzi hurudia zoezi mara ngapi, na asiyeweza hufanyiwa nini. Aulize kama botini kuna oksijeni ya dharura. Aulize ni lini mara ya mwisho mwalimu aliahirisha safari kwa sababu ya bahari chafu. Mwalimu asiyewahi kuahirisha, amwogope.

Mzee aliinunua ile saa baada ya kuridhika na mpira wake, akasema atampa kijana siku atakapoweza kuvua miwani chini ya maji bila kutaharuki.

Nami, wasikilizaji wapenzi, ninazifuta leo sifa nilizozitoa siku ile kwa pupa. Hadi tutakapokutana tena, kwaherini.