Maabara ya Msaada na Ufunguo Wake



Msafiri atokaye Bujumbura kwenda kusini, huku Ziwa Tanganyika likiwa mkono wake wa kulia, huiona michikichi kabla hajauona mji wa Rumonge, ulio zaidi ya kilomita 70 kutoka huko atokako. Katika mwambao huo mawese ndiyo ada ya mtoto shuleni, ndiyo bati la nyumba, na mara nyingi ndiyo mahari ya kijana. Wapo wadhanio kwamba mti huo hauhitaji zaidi ya mvua na panga. Dhana hiyo si sahihi, na kosa lake lina gharama.

Iko michikichi ya ganda nene, yenye nyama haba na mafuta kidogo. Iko pia isiyo na ganda, ambayo kwa kawaida huwa tasa. Aina hizo mbili zikizalishwa pamoja, hupatikana mti wa ganda jembamba na mafuta mengi. Siri hiyo ilielezwa mwaka 1941 na watafiti wa kituo cha Yangambi, kando ya mto Kongo, katika nchi jirani. Lakini mti huo bora haurithishi ubora wake wote. Mkulima akiokota kokwa chini yake na kuzipanda, hata kama mti umechavushwa na mwenzake wa aina ile ile, robo hivi ya miche itarudia ganda nene, na robo nyingine itakuwa ya aina ile tasa. Naye hatalitambua kosa hilo ila baada ya miaka mitatu au minne, mti utakapoanza kuzaa. Kwa hiyo kila apandaye upya hana budi kurudi kwenye mbegu ya kituo cha utafiti. Asiye na kituo huomba au hununua kwa mwenye nacho.

Mgomba nao una habari yake. Mwaka 2010 mnyauko unaosababishwa na bakteria, ambao ulikuwa umegunduliwa Uganda mwaka 2001 na baadaye Rwanda na Tanzania, ulithibitishwa Burundi. Katika tambarare ya Imbo, inayofuata mto Rusizi na ziwa, uko ugonjwa mwingine uliotambuliwa tangu miaka ya 1980. Ni ugonjwa wa virusi ambao huudumaza mgomba, majani yake yakawa membamba na kusongamana kileleni, nao usizae ndizi. Ugonjwa huu huenezwa na vidukari, wadudu wadogo wafyonzao utomvu, lakini mwenezaji wake wa mbali ni binadamu mwenyewe, abebaye machipukizi kutoka shamba lenye ugonjwa bila kujua. Dawa ya kuuponya mgomba uliokwisha kuambukizwa haipo. Iliyopo ni kuung'oa pamoja na shina lake lote, na kupanda mche safi uliokuzwa ndani ya chupa ya maabara kutokana na kichipukizi kidogo, baada ya kupimwa na kuonekana hauna virusi.

Basi swali ni moja: maabara hizo hujengwa na nani, na hudumishwa na nani?

Historia ya Afrika ya Mashariki inatoa jibu la wazi. Mwaka 1936 Mfuko wa Rockefeller wa Marekani ulianzisha huko Entebbe, Uganda, taasisi ya kuchunguza homa ya manjano. Watafiti wake ndio waliogundua virusi vya Zika mwaka 1947, katika msitu wenye jina hilo. Mwaka 1950 taasisi hiyo ilifanywa kuwa ya Afrika ya Mashariki nzima, na Jumuiya ya zamani ilipovunjika mwaka 1977 ikabaki mikononi mwa Uganda. Mfadhili aliondoka zamani, lakini darubini hazikufungiwa kabatini. Taasisi hiyo hadi leo hupima sampuli za magonjwa ya mlipuko. Huo ndio msaada uliozaa: mgeni alipanda, mwenyeji akapalilia.

Kuanzia miaka ya 2000 kituo cha sayansi ya viumbe hai kilijengwa Nairobi, ndani ya taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, kwa ajili ya nchi za Afrika ya Mashariki na ya Kati, Burundi ikiwamo. Kilifunguliwa rasmi mwaka 2010. Serikali ya Kanada ilitoa fedha za mwanzo, na wahisani waliofuata walikuwa pamoja na Mfuko wa Bill na Melinda Gates, na mfuko wa hisani wa kampuni ya Syngenta ya Uswisi, iuzayo mbegu na dawa za mimea. Kwa njia hiyo mtafiti wa nchi isiyo na mashine za gharama kubwa aliweza kwenda Nairobi na sampuli zake na kurudi na majibu.

Fadhila hiyo yastahili shukrani. Hata hivyo, mwenye mfuko ndiye achaguaye kinachonunuliwa, na si ajabu kwamba mfuko wa mbali hauuoni mche wa mchikichi wa Rumonge kama aonavyo mwenye shamba. Tena kila mfuko una mwisho wake. Mwaka 2025 Serikali ya Marekani ililivunja shirika lake la misaada, USAID, na kazi nyingi zilizolitegemea katika Afrika zikasimama katikati. Mwaka huo huo Bill Gates alitangaza kwamba mfuko wake utatumia mali yake yote na kufungwa tarehe 31 Desemba 2045. Mtoto azaliwaye leo Rumonge atakuwa kijana wa miaka ishirini hivi siku hiyo, wala haifai aikute maabara isiyo na umeme wala mtaalamu.

Wakuu wa Afrika waliliona jambo hili mapema. Huko Maputo mwaka 2003 walikubaliana kutenga asilimia 10 ya bajeti za mataifa yao kwa kilimo, na mwaka 2006 huko Khartoum Umoja wa Afrika uliweka lengo la asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti. Malengo hayo yangali deni. Burundi, iliyojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, haina haja ya kujenga peke yake kila kitu. Yaweza kushirikiana na majirani katika mashine za gharama kubwa, lakini mishahara ya wataalamu wake, mashamba ya miche safi na ada ya umeme ni mambo yasiyopaswa kungoja barua kutoka ng'ambo. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Je, askari na polisi wahusikaje? Maabara yaweza kutumia miezi mingi kuotesha mche safi, na gunia moja la machipukizi yenye ugonjwa likavuka kizuizini usiku mmoja na kuiharibu kazi hiyo yote. Katika bandari, barabarani na katika doria za ziwani, mtu wa kwanza kuliona gunia hilo si mtaalamu mwenye darubini, bali ni yule aliyevaa sare. Akipokea chochote ili alipitishe, ameuza mashamba ya tarafa nzima kwa bei ya chupa ya bia. Lakini pia, akimnyang'anya mama mzee machipukizi yake kwa matusi, bila kumweleza sababu, atamfundisha kupita njia za panya. Wajibu ni kulizuia gunia, kumwita bwana shamba, na kumheshimu raia.

Jeshi hulinda mpaka, na polisi hulinda mali. Mche safi ni mali, na ugonjwa wa mimea ni adui avukaye mpaka bila bunduki. Mhisani aweza kuijenga maabara, lakini ufunguo wake sharti ukae mfukoni mwa mwenye nchi, na mlinzi wa mlango wake ni yule aliyekula kiapo cha kuilinda nchi hiyo.