Kikwapa kwa Wanafunzi wa Bweni: Maji, Sabuni na Shabu

Jasho likitoka tu mwilini halinuki. Tezi nyingi za jasho, zilizotapakaa karibu ngozi nzima, hutoa maji na chumvi ili kuupoza mwili. Nyingine, zilizojaa hasa kwapani na kinenani, hulala hadi balehe, ambayo kwa kawaida huanza kati ya miaka 8 na 13 kwa wasichana, na 9 na 14 kwa wavulana. Hizi hutoa majimaji mazito yenye mafuta na protini. Bakteria wa kwapani huyala, na mabaki ya mlo huo ndiyo kikwapa. Ndiyo maana mtoto wa darasa la pili hurudi mpirani akinuka vumbi tu.

Bwenini maji ni ya ndoo. Nusu ndoo inatosha ikiwa kwapa, kinena na miguu vitaanza: povu la sabuni ya kawaida lisuguliwe hadi kwenye mashina ya nywele, lisuuzwe lote, kisha kwapa likaushwe vizuri kabla ya kuvaa. Hapo pa kukausha ndipo wengi hukosea, kwa haraka ya kuwahi mstarini. Kunyoa husaidia, kwa kuwa nywele hushika jasho. Wanafunzi Waislamu hufundishwa kutopitisha siku 40. Wembe usishirikiwe.

Baada ya kuoga, shabu inatosha. Jiwe hili jeupe huloweshwa kidogo na kupitishwa kwapani. Hubana ngozi na kuwazuia bakteria wasizaliane. Wauzaji huisifu kuwa haina kemikali, ingawa yenyewe ni chumvi ya alumini. Jasho litaendelea kutoka, ila harufu hupungua, na kipande kimoja hudumu miezi. Isipakwe mara tu baada ya kunyoa, kwani huwasha.

Ndimu imesifiwa kupita kiasi. Asidi yake hupunguza bakteria kweli, lakini maji ya ndimu yakibaki kwenye ngozi na kupigwa na jua huweza kuiunguza na kuacha mabaka meusi. Magadi ni makali kwa ngozi ya kwapa. Udi na marashi hufunika harufu kwa muda tu.

Mara nyingi mwili umetakata, shati ndilo linalonuka. Poliesta hushikilia mafuta ya jasho kuliko pamba, na pasi ya moto hulifichua shati lisilotakata: mvuke ukipanda kutoka kwapani, harufu hurudi. Shati la namna hiyo ligeuzwe ndani nje, lipakwe sabuni kwapani, liachwe nusu saa kabla ya kufuliwa, kisha lianikwe juani likiwa limegeuzwa vilevile. Fulana ya pamba ya ndani, inayobadilishwa kila siku, huliokoa shati la sare.

Majipu ya kwapani yanayojirudia, jasho jingi hata usiku wa baridi, au harufu ya samaki isiyoondoka kwa kuoga ni mambo ya zahanati, na matroni au patroni amweleze mwanafunzi faraghani.